Mita kwanza, kompyuta mwisho

Swali: Shikamoo mzee. Baba yangu ana miaka 76 na alikuwa fundi wa mawasiliano jeshini mpaka alipostaafu mwaka 1993. Chini ya kitanda chake, hapa Umoja, kuna sanduku la bati ambalo utotoni hatukuruhusiwa kuligusa. Juzi wenzake watatu wa kikosi walimtembelea wakalifungua. Ndani mlikuwa na mita kubwa nyeusi iitwayo AVO 8, osiloskopu ya Tektronix 465, ile mashine yenye kioo cha kuonyesha mawimbi ya umeme, kompyuta ndogo ya ZX Spectrum aliyorudi nayo kutoka kozi Uingereza mwaka 1984, na kaseti moja yenye mwandiko wake. Walikaa mpaka saa tano usiku wakizishikashika na kucheka kama vijana. Sasa baba anasema Jumamosi ya wiki kesho anaziwasha mbele ya wajukuu. Mimi naogopa moto. Nimzuie? Na mbona vitu kama hivi walikuwa navyo watu wa jeshi? – Binti wa fundi, Umoja

Jibu: Marahaba, binti yangu. Usimzuie. Mwombe tu siku tatu kabla ya hiyo Jumamosi, na katika siku hizo asichomeke chochote kwenye soketi mpaka mita imesema. Ninavyowajua wazee wa karakana za jeshi, hilo halitamuudhi hata kidogo, litamrudisha kazini. Kitakachomuudhi ni kuambiwa na mtoto wake kwamba stima si ya watu wa umri wake.

Nami nilivaa magwanda, miaka 14 katika karakana ya redio, kisha nikahamia kwenye meza yangu mwenyewe katika chumba cha ghorofani upande wa River Road, nikitengeneza chochote kilichopanda zile ngazi. Sajini aliyenifunza alikuwa na amri moja aliyoirudia mpaka tukaiota usiku: mita kwanza. Redio imekuja imekufa, mita kwanza. Afisa amesimama mlangoni anaitaka sasa hivi, mita kwanza. Niliivunja mara moja, mwaka 1987, na niliivunja kwa kompyuta kama hiyo ya baba yako. Jamaa aliniletea Spectrum bila adapta. Nikashuka chini nikanunua adapta ya volti 9, pini ikaingia sawasawa, nikaona mambo ni shwari. Kumbe adapta nyingi huweka chanya katikati ya pini na hasi nje, na Sinclair, mtengenezaji wa Spectrum, alifanya kinyume: hasi iko katikati, chanya iko nje. Sekunde mbili tu, ikatoka ile harufu kali ya plastiki na varnishi, na mwenye mali ameketi mbele yangu anakunywa chai yangu. Nililipa kwa awamu tatu.

Basi ratiba yenu iwe hivi: AVO siku ya kwanza, osiloskopu siku ya pili, kompyuta siku ya tatu. Huo ndio mpangilio salama, na kwa bahati ndivyo vyombo hivyo vilivyozaliwa pia, kimoja baada ya kingine.

AVO ndiye babu wa sanduku hilo. Ya kwanza ilitoka mwaka 1923, kazi ya Donald Macadie, mhandisi wa Posta ya Uingereza aliyechoka kubeba mita nyingi mbalimbali kila anapokwenda kukagua laini. Jina lenyewe ni herufi za mwanzo za ampea, volti na omu. Modeli 8 ilikuja mwaka 1951 na ikaendelea kutengenezwa, kwa marekebisho ya hapa na pale, mpaka 2008. Hebu fikiria kifaa cha elektroniki kilichodumu sokoni miaka 57, wakati simu uliyoniandikia itaitwa ya kizamani Krismasi mbili kutoka sasa.

Mwambie baba afungue chumba cha betri kabla ya jambo lolote. Mna betri mbili: moja ya volti 1.5, lile jiwe nene la tochi, na nyingine ndogo ya volti 15. Zikiwa zimekaa humo tangu alipostaafu, zimevuja, na ule unga mweupe unakula shaba. Uufute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo siki, kisha ukaushe vizuri. Jiwe la tochi liko kila duka. Ile ya volti 15 utazunguka Nairobi nzima bila kuipata, lakini kuna njia: betri tano za kidonge za volti 3, zile za rimoti ya gari, zikipangwa mfululizo zinatoa volti 15 kamili. Hata bila hiyo, mita itapima volti na ampea kama kawaida, kwa sababu betri inahitajika kwenye omu peke yake, na hiyo ndogo inatumika kwenye omu za juu kabisa.

Angalia pia nyaya zake. Mpira wa nyaya za zamani hukauka ukapasuka, na mtu anashika waya akidhani ameshika mpira. Nunueni mpya, hapo hakuna mjadala.

Sasa mpe betri mpya ya tochi aipime, halafu wewe mtazame yeye usitazame mshale. Chini ya mshale wa AVO kuna kipande chembamba cha kioo. Fundi aliyefunzwa anasogeza kichwa mpaka mshale uifunike taswira yake mwenyewe kwenye kioo, ndipo anaposoma. Asiyefunzwa anasoma kutoka ubavuni na kukosea. Mwulize pia swali la mtego: ukipima omu kwa AVO, waya mwekundu ni chanya au hasi? Akikuambia ni hasi, kichwa bado kiko timamu. Betri ya ndani inatokea kwa upande mweusi, na kila kuruta aliyelisahau hilo alitupa transista nzima akidhani ni mbovu.

Siku ya pili ni ya Tektronix, na hapa hofu yako ina msingi. Ndani ya kioo chake kuna volti maelfu. Kifuniko kisifunguliwe, hata kama mzee anadai alikuwa akikifungua akisinzia. Kwanza tafuteni swichi ya kuchagua umeme. Hiyo ni mashine ya Kimarekani, ina nafasi ya 115 na ya 230. Kwetu soketi inatoa 240, kwa hiyo ikiwa imebaki kwenye 115, mtapata moshi kabla hamjapata mstari.

Pili, isiingie kwenye soketi moja kwa moja. Mafundi tuna mbinu ya balbu: unaunga balbu mfululizo na mashine, ili umeme upite kwenye balbu kwanza. Iwe balbu ya zamani ya waya, wati 100 hivi. LED haifai kwa kazi hii. Madukani balbu hizo zimekuwa adimu, lakini maduka ya agrovet bado yanauza zile nyekundu za kulelea vifaranga, nazo ni za waya pia. Ukiwasha, balbu itang'aa ghafla kisha ififie. Hapo mashine iko salama. Ikibaki inawaka kwa nguvu zote, ndani kuna kitu kimepiga shoti, na balbu imewaokoa. Katika 465 mshukiwa wa kwanza ni kapasita ndogo za tantalamu, vipuri vya kuhifadhi chaji, ambazo zina tabia ya kupiga shoti zikizeeka. Kuzibadilisha si kazi kubwa kwa fundi anayejua kulehemu, ila hiyo si kazi ya Jumamosi na wajukuu wamekuzunguka.

Balbu ikififia, zimeni, ondoeni balbu, washeni kawaida, muiache ipate joto dakika 20. Kisha achomeke probu, yaani waya wa kupimia, kwenye kile kijino cha mbele kinachotoa mawimbi ya mraba, 1,000 kwa sekunde. Pembe za mraba zikiwa zimenyooka, hiyo mashine bado inafaa kazini. Ina njia mbili na inaona mpaka megahezi 100, na najua karakana hapa mjini ambazo bado zinaitumia 465 kila siku, huku osiloskopu mpya ya bei nafuu ikipigwa vumbi kwenye rafu. Ina uzito wa kilo kumi hivi, kwa hiyo ainyanyue mjukuu, si yeye.

Hapa ndipo nikujibu swali lako la pili, maana jibu lake limeandikwa kwenye sanduku lenyewe. Tektronix ilianzishwa mwaka 1946 kule Oregon, na waanzilishi wake wawili wakuu walikuwa wametoka vitani majuzi tu. Howard Vollum alikuwa katika kikosi cha mawasiliano cha jeshi la Marekani na alishughulika na rada, Jack Murdock alikuwa kikosi cha ulinzi wa pwani. Rada ilikuwa imewafundisha watu wa rika lao jambo ambalo dunia ya kiraia haikuwa imelihitaji, yaani kutazama tukio la sehemu ndogo sana ya sekunde na kulipima. Osiloskopu yao ya kwanza sokoni, 511, ilitoka mwaka 1947 kwa dola 795. Sifa yake ilikuwa kwamba mstari ulisubiri wimbi lifike ndipo uanze kukimbia, kwa hiyo picha ilitulia badala ya kuteleza.

Mwaka huohuo kampuni ya Heath, kule Michigan, ilifanya jambo ambalo mimi nalipenda zaidi. Baada ya vita kulikuwa na shehena za vipuri vya elektroniki ambavyo jeshi halikuvihitaji tena. Heath wakazinunua, wakaweka kwenye maboksi pamoja na maelekezo, wakauza osiloskopu ya kujiundia kwa dola 39.50. Kioo chake kilikuwa mabaki ya vita. Na wanunuzi walikuwapo, maelfu ya vijana waliofunzwa redio na rada jeshini, sasa wamerudi nyumbani hawana chombo cha kufanyia kazi. Miaka 30 baadaye, mwaka 1977, Heath haohao wakauza H8, kompyuta ya kujiundia nyumbani, kwa watu wa aina ileile.

Hata ile kompyuta ya Altair 8800, iliyotokea kwenye jalada la jarida mwezi Januari 1975 na kuwasha moto wote wa kompyuta za nyumbani, mwenye nayo Ed Roberts alikuwa ofisa wa jeshi la anga kule Albuquerque alipoanzisha kampuni yake na wenzake kadhaa mwaka 1969, wakianza na vifaa vya redio vya roketi za kuchezea. Altair haikuwa na kibodi wala skrini. Ulibonyeza swichi mbele yake moja baada ya nyingine na kusoma majibu kwenye taa. Ukiitazama vizuri utasema ni kifaa cha kupimia. Na Sinclair, ambaye hakuwa mwanajeshi, alikuwa akiuza mita za mfukoni kabla hajauza kompyuta.

Kwa hiyo usishangae, binti yangu. Kompyuta za mwanzo zilihitaji mtu asiyeogopa kuzifungua, na hapa kwetu miaka ile watu hao ungewahesabu kwa vidole: wa simu, wa reli, wa redio ya taifa, vyuo kidogo, na sisi. Raia wa kawaida angeipata wapi? Ilitoka kwenye begi la mtu aliyepelekwa kozi. Baba yako alipofika Uingereza mwaka 1984, Spectrum ya kilobaiti 48 ilikuwa imeshuka bei mwaka uliotangulia, kutoka pauni 175 mpaka 129.95. Kwa posho ya kozi bado ni kufunga mkanda. Wenzake walirudi na makoti na seti za vyombo.

Wazee hao wakikaa pamoja, utaona kwamba mwaka 1982 wanaupita kwa kompyuta. Watakuambia Spectrum ilitoka Aprili mwaka ule, watakutajia bei yake mpaka senti. Ya Agosti 1 ya mwaka huohuo, siku ya lile jaribio la mapinduzi, hawatakutajia, na wewe usiwaulize mezani.

Siku ya tatu sasa. Msianze na kompyuta, anzeni na adapta yake. Ichomekwe peke yake, aipime kwa AVO. Imeandikwa volti 9, lakini bila mzigo itaonyesha 12, 13 hata zaidi. Asishtuke, ndivyo zilivyotengenezwa. Ahakikishe hasi ni ya katikati. Kama adapta imepotea msirudie kosa langu la 1987.

Kisha afungue kompyuta, skrubu tano za chini. Anyanyue kifuniko pole kama anayenyanyua chapati inayotaka kukatika, kwa sababu kibodi imeungwa kwa tepe mbili nyembamba za plastiki ambazo kwa umri huu zinakatika kama jani kavu. Zikikatika, kibodi haitajibu, ingawa tepe mpya bado zinatengenezwa na huagizwa kutoka nje.

Ndani ataona chipu nane za kumbukumbu zilizopangwa pamoja, zimeandikwa 4116. Hizo ndizo ugonjwa mkuu wa mashine hii, kwa kuwa zinakula umeme wa aina tatu kwa pamoja. Waya mweusi wa AVO ukae kwenye pini 16. Kwenye pini 9 asome volti 5, kwenye pini 8 volti 12. Pini 1 ni 5 pia, lakini hasi, kwa hiyo mshale utataka kukimbia kinyume. AVO ina kitufe cha kuugeuza, atakikumbuka. Ile hasi 5 ikikosekana, azime papo hapo. Chipu hizo hazivumilii kukaa bila hiyo, zinaweza kufa hata nane kwa mpigo, na mara nyingi mwenye kosa ni transista moja tu, ile iliyoandikwa TR4. Kapasita zile za mviringo zibadilishwe zote bila kujadili. Zina miaka 40, na Luthuli Avenue mtazipata kwa bei ya soda.

Mambo yakiwa sawa, alete ile Tektronix. Probu kwenye pini 6 ya chipu ndefu ya Z80, ubongo wa kompyuta, kitufe cha muda kwenye sehemu ya kumi ya maikrosekunde kwa kila mraba. Mapigo ya moyo wa Spectrum ni megahezi 3.5, kwa hiyo kila wimbi litakula karibu miraba mitatu ya kioo. Waite wajukuu waone hapo, kabla ya TV. Nimewahi kuwaonyesha watoto jambo hilo. Mmoja aliniuliza kama simu nayo ina kitu kama hicho, nikamwambia ndiyo, ila ya simu inakimbia mara mamia kadhaa kuliko hii, chombo hiki hakiwezi kuifikia.

Kuhusu TV, Spectrum inatoa picha kwenye chaneli 36 ya UHF, ile ya analogi. Kama ndugu yeyote ana Great Wall ya inchi 14 iliyobaki stoo tangu tulipohamia dijitali mwaka 2015, inatosha kabisa. Nyingi za bapa bado zina analogi ndani, ukiitafuta kwenye menyu bila ya dekoda. Sauti isiwasumbue, inatoka kwenye spika ndogo ya kompyuta yenyewe. Skrini itakuwa nyeusi kwanza, kisha nyeupe, na chini kabisa mstari mmoja: © 1982 Sinclair Research Ltd. Mkiona miraba ya rangirangi badala yake, rudini kwenye zile chipu nane.

Hukuniuliza thamani lakini najua jirani ameshauliza. Spectrum ziliuzwa zaidi ya milioni tano, kwa hiyo si dhahabu. AVO na Tektronix bado zina kazi, na mwenye karakana atazilipia kama vyombo vya kazi. Anayezitaka kwa kilo, yule wa vyuma chakavu anayepita na mkokoteni, asikanyage mlangoni.

Imebaki kaseti. Msiicheze kwanza kwenye redio yoyote mliyoikuta. Safisha kichwa cha redio kaseti kwa spiriti na pamba, ujaribu kaseti nyingine isiyo na maana, uone haimezi tepe. Kisha hii irekodiwe kwenye simu au laputopu kabla haijapelekwa kwenye Spectrum, kwa sababu tepe ya miaka 40 inaweza kukubali kupita mara moja tu. Mtasikia mlio mrefu uliotulia, kisha mkwaruzo kama mvua ya mawe juu ya mabati. Huo ndio programu yake, chochote alichoandika.

Ikifika zamu ya kuipakia, anatakiwa kuandika LOAD na alama mbili za mtajo. Kwenye mashine hiyo neno zima la LOAD linatoka kwa kitufe kimoja, J, na alama za mtajo ni SYMBOL SHIFT pamoja na P, mara mbili. Nakuandikia ili wewe ujue. Yeye usimwonyeshe, na wajukuu uwazuie wasimwonyeshe. Mpe kiti, weka kompyuta mbele yake, utazame kidole chake kinakwenda wapi.